Pleya ya Wimbo Mmoja

Mie Duni nna kasoro moja na siikatai: nikichokozwa sinyamazi. Mama yangu mzazi alikuwa akisema nimezaliwa mtaa wa Amani lakini amani yenyewe ilinipita mlangoni. Kwa hivyo nilipoolewa Kiponda, kwenye nyumba ya watu wenye asili ya Manga, mie mtoto wa fundi bomba mwenye babu Mnyamwezi, watu walikaa kuhesabu miezi mpaka nitakapoachwa. Wamehesabu mpaka wamechoka. Na wala si kwa sababu ya mume wangu Mansour, maana Mansour ni mtu wa sawa-sawa kwa kila anayesema naye. Ni kwa sababu ya mama yake, Bi Bahiya. Wiki yangu ya kwanza pale nyumbani, shangazi mmoja aliuliza mbele yangu hivi huyu kweli anajua kupika wali wa watu. Bi Bahiya akamjibu kwamba kama amekuja kula akae ale, na kama amekuja na maneno arudi nayo kwao. Tangu siku ile, anayemgusa Bi Bahiya kanigusa mie.

Sasa sikilizeni alivyoguswa.

Mwaka ule wa 2005 klabu ya taarab ya Nuru Njema ilikuwa inajitayarisha kutimiza miaka arobaini. Wimbo uliokuwa uimbwe wa mwisho, tena kila mtu akiungoja, ni "Barua ya Mkunazini". Uliimbwa mara ya kwanza mwaka 1986, ukarikodiwa, na tokea hapo hakuna harusi Unguja hii iliyopita bila ya kanda ile kupigwa. Uzuri wake hauko kwenye maneno. Uko pale baada ya ubeti wa pili, mwimbaji anaponyamaza na fidla ikaingia peke yake, ikalia karibu dakika mbili, mpaka watu wazima wanajifuta macho. Na mji mzima ulijua fidla ile ilipigwa na marehemu Bwana Ammar. Sasa mwanawe, Saud, ndiye katibu wa klabu na yeye pia mpiga fidla. Kwa hivyo ikapangwa kuwa kipande cha baba atakipiga mtoto.

Siku moja baada ya alasiri Bi Bahiya alirudi kutoka mkutano wa klabu akakaa kwenye kiti cha ukumbini bila ya kuvua buibui. Nikajua kuna jambo. Nikamwekea chai, hakuigusa. Ndipo akanieleza jambo ambalo katika miaka yote ile sikuwahi kulisikia.

Fidla ile ilikuwa yake.

Zamani, kwa mujibu wa maelezo yake, klabu ilikuwa na wanawake watatu waliokuwa wakipiga ala, lakini kwa sababu ya heshima za nyumba zao walikuwa wakikaa nyuma ya pazia. Mbele walikaa wanaume wa kusaidia na waimbaji. Bwana Ammar alikaa mbele na fidla yake begani, akipiga viitikio pamoja na wenziwe. Kile kipande cha peke yake kilipofika, aliyekipiga alikuwa Bi Bahiya, nyuma ya pazia. Watu mia mbili walikuwa wanasikia fidla na wanamwona mtu ameshika fidla. Mwenye macho haambiwi tazama, basi wakatazama, na masikio yakafuata macho. Na wakwe wa Bi Bahiya walikuwa watu wakali, kwa hivyo ilimfaa jina lisitajwe. Sasa wakwe wameshakufa, mume wake ameshakufa, na yeye ana miaka sitini na tatu. Akaona hapana tena wa kumwogopa, akasimama mkutanoni akasema.

Wakacheka. Laiti wangemtukana, ningejua pa kuanzia. Walimcheka kwa mapenzi, kama anavyochekwa bibi aliyetia chumvi kwenye chai. Saud alimwamkia vizuri, akamwita mama, akamwambia watu mia mbili walimwona baba yake kwa macho yao. Kisha akampa fidla, akamwomba awaonjeshe kidogo tu. Bi Bahiya alikuwa hajaigusa fidla miaka kumi na saba. Vidole vilitoa mstari wa kwanza, vikasimama hapo hapo. Saud akaipokea fidla taratibu, na watu wakampigia mama yule makofi ya kumwonea huruma.

"Mkono wangu naujua," Bi Bahiya aliniambia. "Nikiusikia mara moja tu, utarudi. Lakini siusikii, Duni. Kwenye hizi sahani zenu siusikii kabisa."

Zilikuwa zimebaki wiki tatu. Nikamwambia anywe chai yake, kusikia atasikia. Ningemsikilizisha vipi, wallahi sikuwa najua.

Nikaanza na ile sahani tuliyokuwa nayo, tuliyoinunua Darajani, nyimbo mia na hamsini kwenye sidii moja. Nikaweka "Barua ya Mkunazini". Ngoma nilizisikia, vigelegele nilivisikia, na fidla ilikuwa inalia kama iliyofunikwa na godoro. Nikaichukua sahani na miguu yangu mpaka dukani kwa aliyetuuzia. Jina lake Mazin, fundi wa redio wa miaka mingi ambaye sasa alikuwa na kompyuta mbili na miwani. Nikamwuliza fidla ya watu kaipeleka wapi.

Mazin si mtu wa kugombana, na hilo ndilo linalonikera kwake. Alinivutia kiti akanieleza. Alisema nyimbo za sahani ile ziko kwenye MP3, na MP3 inakuwa ndogo kwa sababu inatupa kile inachokadiria sikio halitakikosa. Kama sauti kubwa na ndogo zinalia pamoja, ile ndogo inapunjwa. Ukitaka faili liwe dogo zaidi, inatupa zaidi, na yeye ili azitie nyimbo mia na hamsini na maulidi juu yake alichagua udogo wa mwisho, tena akazichanganya pande mbili za muziki, kushoto na kulia, zikawa upande mmoja. Wateja wanapenda nyimbo nyingi, alisema. Hakuna aliyewahi kulalamika.

Nikamwambia basi leo kampata.

Nyumbani tulikuwa na kanda yenyewe ya asili. Marehemu baba mkwe ndiye aliyekuwa akiirikodia klabu, na kanda ile ilikuwa kabatini kwa mkewe, imefungwa kwenye leso pamoja na vipande vya udi. Nakala zote za mjini zilitokana nayo, kwa redio za wakati ule. Sisi wenyewe tulikuwa hatuithubutu, maana redio yetu ilikuwa ya spika moja na ilikuwa imeshatafuna kanda mbili za maulidi. Niliipeleka kwa Mazin mkobani, nikiwa nimeikumbatia njia nzima.

Aliikagua akasema inaweza kustahamili kupigwa mara moja, mbili hana dhamana. Kwa hivyo lazima tuamue kwanza inaingia kompyuta kwa umbo gani. Akanihesabia. Kuna MP3, ndogo, kila kidude kinaisoma. Kuna WAV, haitupi kitu, lakini wimbo huu wa dakika kumi na saba utakula megabaiti mia na sabini, nafasi ya nyimbo arobaini za kawaida. Na kuna FLAC, inayokunja kama unavyokunja nguo sandukuni, nguo zote zimo na sanduku limepungua, ila pleya nyingi za mfukoni haziijui. Akanishauri nichukue MP3 ya ukubwa wa heshima, yenye pande zote mbili, nisijisumbue.

Labda ushauri ulikuwa mzuri. Lakini mie nilikuwa nshamkasirikia.

"Usitupe kitu," nikamwambia. "Hata mtu akikohoa, nnamtaka na kikohozi chake."

Akaipiga kanda kwenye deki yake nzuri, tukakaa dakika kumi na saba tukiangalia vimistari vinapanda na kushuka kwenye kioo, na mie nnaomba umeme usikatike. Haukukatika. Tukapata WAV, na Mazin akaweka na FLAC kompyutani mwake kama akiba.

Sasa nikahitaji pleya. Pleya nyumbani ilikuwepo moja tu, ya wifi yangu Abeer, aliyoletewa na mumewe kutoka Maskati. Megabaiti mia mbili na hamsini na sita, na ndani yake nyimbo zake sitini. Mie na Abeer tunapendana kiwifi, maana yake tunapendana tukiwa na shahidi. Nilimwomba pleya, akanipa. Kwamba kuutia wimbo mmoja ule kulihitaji kufuta nyimbo zake arobaini, na mie kwa kukosa subira ya kuchagua nimeamua zifutwe zote sitini, hilo nililisahau kumwambia. Mazin aliniuliza mara mbili kama nna hakika. Nikamwambia afute.

Kilichotokea nyumbani kinajulikana mpaka kwa majirani. Abeer aliiwasha pleya yake barazani akakuta wimbo mmoja. Alilolisema silirudii. Nilimwambia kwanza ausikilize wimbo wenyewe, kisha ndio aniue, na kwa kuwa hedifoni ilikuwa moja na hakuna aliyetaka kumwachia mwenziwe, tukagawana. Mie sikio la kushoto, yeye la kulia, tumeegemeana huku tumenuniana.

Wimbo ukaanza. Kwangu mie palikuwa na udi ule wa kupigwa na fidla, safi, karibu, kama wapigaji wamekaa mapajani mwangu, na mwimbaji hayupo. Damu ikanipanda. Nikasema Mazin kaniharibia, mwimbaji kamtupa. Abeer akaniuliza nna uziwi gani, mwimbaji si huyo analia, kilichokosekana ni fidla. Nikamwambia kiziwi ni yeye, fidla imejaa. Tukabishana vile, kila mmoja akiapia sikio lake, mpaka Bi Bahiya akatoka jikoni na unga wa chapati mikononi.

"Nipeni," akasema.

Nikampa la kwangu. Akalitia sikioni kwa vidole vya unga, akasikiliza huku amesimama. Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Kilipofika kile kipande niliona mkono wake wa kulia unainuka wenyewe. Kisha akakaa chini, pale pale barazani, juu ya sakafu.

"Bangili zangu," alisema. "Zinasikika bangili zangu."

Nililisukuma sikio langu karibu na lake na nikasikia. Kila upinde wa fidla uliporudi, palikuwa na mlio mdogo wa fedha. Bi Bahiya hajapata kutoka nyumbani na mikono mitupu tangu alipokuwa mwali, na alipokuwa akipiga fidla bangili zake nne zilikuwa zikigongana mkononi. Mwalimu wake alimgombeza sana, hakuzivua. Mwanamume gani wa Unguja anapiga fidla na bangili?

Akatueleza tena, huku machozi yakichanganyika na unga, kwamba mumewe alikuwa na maikrofoni mbili. Moja aliiweka mbele kwa mwimbaji na ngoma. Ya pili aliipitisha chini ya pazia akaiweka miguuni mwa mkewe. Watu walimwuliza ya nini kuharibu maikrofoni huko nyuma, akawaambia eti kule mbele pana kelele. Kumbe kila upande wa muziki, kushoto na kulia, ulikuwa na maikrofoni yake, na redio zetu zote za spika moja zilikuwa zinazimimina pamoja kama mchuzi. Abeer akaipangusa pleya unga. Kisha akasema pleya ikae kwa mama, nyimbo zake atazitafuta baadaye. Nilimpenda siku ile hata bila ya shahidi.

Mie nikaona mambo yamekwisha, ushahidi ninao. Nikavaa nikaenda kwa Saud, nikamtia hedifoni sikio la kushoto kabla hajaniuliza nimekuja na nini. Alisikiliza wimbo mpaka mwisho, si mtu wa dharau. Akasema ni kweli hajapata kuisikia fidla ile hivyo. Lakini fidla haina jina juu yake, na maikrofoni ipi ilikaa wapi ni maneno ya Bi Bahiya tu. Na ule mlio? Saud akasema ule mlio ni wa rika, kile kigoma cha mkononi chenye visahani vya shaba, kila taarab ina rika. Mie nisiyenyamaza nikaanza kuzungusha waya wa hedifoni kidoleni.

Ila Saud aliongeza jambo, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Alisema kama Bi Bahiya anaweza kukipiga kipande kile, chote, siku ya sherehe, mbele ya watu, yeye atashusha fidla yake. Akishindwa, yeye atakuwa pembeni na atakidaka asiaibike. Niliyafikisha maneno yale nyumbani kwa woga. Bi Bahiya akauliza tu nyuzi za fidla siku hizi zinauzwa wapi.

Wiki mbili zile nyumba yetu haikuwa nyumba. Alitoa fidla yake uvunguni, tukaitia nyuzi mpya. Pleya aliifunga kwa pini kifuani, chini ya mtandio, na sikio la kushoto likiwa na hedifoni asubuhi mpaka usiku. Akichambua mchele anasikiliza, akikuna nazi anasikiliza. Kisha anapanda juu anapiga. Siku nne za mwanzo zilikuwa mtihani, na jirani mmoja alituma mtoto aulize kama paka wetu yu mzima. Siku ya sita Mansour alirudi kazini akasimama kwenye ngazi, kiatu kimoja mkononi, akasikiliza. Siku ya kumi hakuna jirani aliyeuliza tena, walikuwa wanafungua madirisha.

Katikati ya hayo Mazin alikuja na sidii yake. Alikuwa ametoa MP3 ya ukubwa wa kati kutoka faili lile lile, pande mbili, akataka kunionyesha kwamba nayo ingetosha. Tukamkalisha Bi Bahiya amegeukia ukuta, Mazin akampigia mara hii mara ile. Ile ya udogo wa mwisho aliitambua kila mara: bangili hazimo. Lakini kati ya ile ya kati na WAV alipatia mara tatu, akakosea mara tatu. Mazin aliniangalia juu ya miwani yake. Nami nikamwambia chai ishapoa, anywe aende.

Sherehe ilifanywa Jumamosi baada ya alasiri, katika ukumbi mmoja wa Vuga, na watu walikuwa wamejaa mpaka milangoni. Wanawake wamevaa, vikuba vya asumini vinanukia, hapana pa kutia mguu. Kwenye karatasi ya ratiba palipigwa chapa: fidla, marehemu Ammar, itapigwa na mwanawe. Bi Bahiya alikaa mstari wa mbele wa wapigaji, hakuna pazia, gauni la kijani, bangili nne mkono wa kulia. Saud alikaa kushotoni kwake, fidla iko begani, tayari. Mie nilikuwa nimemshika Abeer mkono, na nilimwumiza, alinionyesha kucha zangu baadaye.

Ubeti wa kwanza. Ubeti wa pili. Mwimbaji akanyamaza, ngoma zikanyamaza. Mstari wa kwanza Bi Bahiya akaupiga. Pale pale alipokwama mkutanoni, akapita.

Akapita kama hapajapata kuwa na kitu pale. Fidla ikalia, ikapanda, na kila upinde uliporudi, kwenye maikrofoni iliyokuwa mbele yake, zikasikika bangili. Ukumbi mzima ulizisikia. Nilimtazama Saud. Yeye alikuwa hamtazami Bi Bahiya, alikuwa anamtazama bwana wa rika, mzee Makungu, aliyekaa mikono juu ya magoti na rika yake sakafuni. Saud akaishusha fidla begani akailaza mapajani. Bi Bahiya alikuwa amefumba macho, hakuona.

Alipomaliza, vigelegele vilivyopigwa sijapata kuvisikia hata harusini kwangu. Mcheza kwao hutunzwa, na watu waliinuka kwenda kumtunza mpaka mwimbaji akashindwa kuanza ubeti wa tatu. Shangazi yule wa wali alikuwa wa kwanza. Mie nilikuwa nalia na kupiga kelele kwa pamoja, na nilijisikia kama mwenye mji. Kisha Saud akasimama akaenda kwenye maikrofoni.

"Baba alipokuwa akisifiwa kwa kipande hiki," alisema, "alikuwa akicheka, akisema, si mimi. Miaka yote alisema, si mimi. Sisi tukadhani ni unyenyekevu." Akageuka, akainamisha kichwa. "Tuwie radhi, Bi Bahiya."

Bi Bahiya akamwambia baba yake alikuwa mtu mwema, na sasa wamalize wimbo, watu wanangoja. Wakaumaliza.

Sahani mpya za Mazin zina nyimbo thelathini tu, pande mbili, na jina la mpiga fidla limeandikwa. Faili kubwa liko kompyutani mwake, na nakala mbili ziko kabatini kwenye leso ile ile pamoja na kanda. Abeer ameletewa pleya nyingine. Ile ya kwanza mpaka leo ina wimbo mmoja, na Bi Bahiya anausikiliza akikuna nazi, sikio la kushoto peke yake, hedifoni ya kulia inaning'inia. Nilimwambia aitie na ile nyingine, angalau amsikie na mwimbaji, asikie wimbo mzima.

Akasema ule upande wa kulia mumewe aliwarikodia watu. Huu alimrikodia yeye.